Kazi Hairudi

Ukifika kwenye kibanda chake huku gari linaunguruma, hakusalimii. Anainua kiganja bila kukutazama na kusema, "Zima kwanza." Ukishazima ndipo anageuka, anafuta mikono kwenye koti lake la kaki, na kuanza kukujulia hali kwa kirefu: nyumbani, mama watoto, mifugo, mvua za huko ulikotoka. Mara ya kwanza nilimwona ni mtu wa maringo. Nilikuwa nimetoka Malambo, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, na haraka zangu zote za ujana. Nikamwamkia kwa sauti kubwa juu ya mlio wa injini, mara mbili, mara tatu. Akaendelea kukwangua waya. Nilipochoka nikazima.

"Sasa nimekusikia," akasema. "Marahaba. Gari lako lilikuwa linaongea, na wewe unaongea. Mimi nimjibu nani?"

Huyo ndiye Fundi. Karatu ya miaka ile ilikuwa na mafundi wa kila namna, wa viatu, wa cherehani, wa kuchomelea, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yeye, mfungaji wa redio, busta na spika kwenye magari. Busta ni kile kisanduku cha chuma kinachoipa nguvu sauti ya redio kaseti, na wakati ule ilikuwa kitu ambacho watu walikuja kukitazama. Jina lake halisi nalijua. Sijawahi kumsikia mtu akimwita kwalo, hata mkewe, nami sitakuwa wa kwanza.

Juu ya mlango wa kibanda alitundika kibao cha ubao chenye maandishi mekundu: NIKIFUNGA MIMI, KAZI HAIRUDI. Basi. Hakuandika redio, hakuandika spika. Alikipenda kibao hicho kuliko kitu chochote alichokuwa nacho mjini, na vumbi likizidi alipanda kwenye kigoda akakifuta kwa mkono wa koti. Nakitaja mapema kwa sababu mimi ndiye niliyesababisha maneno yale yafutike, na kwa miaka saba niliamini kwamba duniani ni mimi peke yangu ninayejua hivyo.

Nilikuwa dereva wa mwenye duka mmoja wa pale mjini, Mwislamu, muuza mablanketi, mashuka na sufuria. Alikuwa mtu mwema, ila akinuna ananuna kweli. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na Landrova lake kwenye minada, leo Karatu, kesho juu Nainokanoka, siku nyingine hadi Malambo. Mwenye duka aliona kwamba wateja hawavutwi na shuka tu, wanavutwa na muziki. Jamaa yake akamletea busta kutoka ng'ambo, katika miaka ambayo hata sabuni ilikuwa ya kusubiri. Akaipeleka kwa Fundi ikiwa imefungwa kwenye kitenge kipya.

Fundi alikaa siku mbili nzima akiitazama kabla ya kuigusa. Siku ya tatu akaanza, na hapo ndipo nilipoanza kumjua.

Alikuwa na sheria zake. Waya wa umeme unaotoka kwenye betri ulipita upande wa kulia wa gari, na waya wa muziki upande wa kushoto, hata kama kwa kufanya hivyo ulitumika waya mrefu mara mbili. Ukimuuliza kwa nini, alisema hao ni mtu na mama mkwe wake, wakipishana njia moja ni aibu, na utaisikia aibu yenyewe kwenye spika, mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, hakuufunga kwenye bodi ya Landrova hata siku moja. Bodi ile ni aluminiamu, alisema, umeme unapita kwa kusitasita. Aliingia chini ya gari kwa mgongo, akakwangua fremu kwa kisu hadi chuma kikang'aa, akaukaza hapo, kisha akapaka grisi. Nimewaona mafundi wa siku hizi wakifunga ethi kwenye skrubu yoyote wanayoiona, nami nacheka peke yangu.

Lakini sheria kubwa ilikuwa ya fyuzi. Aliiweka karibu kabisa na betri, shibiri moja, si zaidi. Alipomaliza kufunga alikushika mkono na kukufanya ufuate waya kwa kidole kutoka betrini hadi kwenye spika, huku ukitaja kila unachokigusa, kama mtoto anayesomeshwa. Ukifika kwenye fyuzi alikusimamisha.

"Hii ikikatika ina maana gani?"

"Imekufa, Fundi."

"Haijakufa. Imekuambia kitu. Ukisikia, tafuta alichokosea mtu. Na nyie watu wa usukani nawajua, mnaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mnaondoka. Usije ukanifanyia hivyo."

"Siwezi, Fundi."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu, pakiti ya sigara ikiwa kwenye mfuko wa shati. Yeye hakuvuta, na mwenye duka hakuvuta.

Sanduku la spika ya besi alilitengeneza kwa mlango wa zamani wa mbao ngumu. Ndani alilitandika vipande vya blanketi kuukuu, na kila kiungo akakiziba kwa gundi, maana alisema besi ikipata tundu inavuja kama maji. Kulipima hakutumia chombo chochote. Alitoa mfukoni punje tatu za ngwara, aina ya maharage, kutoka shambani kwake Kansay, akaziweka juu ya sanduku, akafungulia kaseti, akainama hadi macho yakawa usawa wa punje.

"Zitembee," alisema. "Zisiruke."

Zikiruka alifungua sanduku upya. Siku ile zilitembea polepole hadi ukingoni, zikadondoka moja moja kiganjani mwake. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile kwa maharage matatu.

Kuna mzee mmoja wa Kimasai, ametoka Nainokanoka kuuza madume, aliyepita pale wakati sanduku linanguruma. Akasimama, akakunja shuka yake begani, akaweka kiganja juu ya mbao na kukiacha hapo muda mrefu.

"Fundi, hii sanduku iko na dume ndani?"

"Iko, mzee."

"Inakula nini?"

"Inakula betri."

Mzee akafikiri. "Hiyo ni ngumu kufuga," akasema, akaenda zake. Fundi alikirudia kisa hicho kwa kila mteja kwa mwezi mzima, na kila mara alikicheka upya.

Mtu anayesikia haya atadhani alipenda kelele. Wapi. Nyumbani kwake Kansay hapakuwa na redio hata ya betri mbili. Nilimpeleka siku moja na gunia lake la mbegu, nikakaribishwa ndani, na nikasikia kitu ambacho sijazoea, yaani hakuna kitu. Mkewe alinimiminia chai akanong'ona, "Huyu hata kuku wakipiga kelele anatoka kuwauliza wana nini." Nikamuuliza Fundi mwenyewe kwa nini nyumba yake ni kimya hivyo. Akasema daktari hapeleki wagonjwa nyumbani.

Na usidhani alikuwa mwangalifu katika kila jambo. Mtu aliyelikatalia gari la mtalii kutoka kwa sababu ya skrubu moja iliyolegea alipanda baiskeli isiyo na breki hata moja, na pale kwenye mteremko alisimama kwa soli ya kiatu. Taa ya kibanda chake ilining'inia kwa kamba ya katani. Tulimtania sana. Alisema hajamfungia mtu taa ile, kajifungia mwenyewe, na yeye hajalalamika.

Kitu kimoja alikitunza kama yai. Kwenye rafu ya juu, chini ya kitambaa kilichotariziwa na mkewe, ilikaa amplifaya aliyoiunda kwa mikono yake, transista moja moja, kwa miaka sijui mingapi. Kila siku saa sita mchana alifunua kitambaa, akapiga muziki kwa sauti ya chini kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akafunika. Watu wa magari ya watalii walitaka kuinunua. Aliwaambia hii si ya kuuza, hii ndiyo iliyonifundisha.

Sasa niseme langu.

Madereva tuliolala juu, Nainokanoka na kandokando ya kreta, tulikuwa na desturi. Baridi ya kule inaua betri, kwa hiyo jioni unaifungua, unaibeba ndani kwa mwenyeji wako, nayo inalala karibu na moto pamoja na ndama. Asubuhi unairudisha. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye magurudumu na vidole vyangu havikuwa na habari na mimi. Nikairudisha betri kinyume. Vichwa vya betri havilingani, kimoja kinene, kimoja chembamba, na vibano vyake vivyo hivyo, kwa hiyo ilinibidi nikipanue kibano kimoja kwa bisibisi, na kile kingine kikapwaya nikakigongagonga. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini jana viliingia vyenyewe. Mimi nilijiuliza tu lini kutapata joto.

Nikawasha busta kabla ya kuwasha gari, watu wasikie kwamba bidhaa zimefika. Kimya. Nikatazama fyuzi, imekatika. Na hapo, nikiwa nayakumbuka maneno yake yote, nikatoa pakiti ya sigara, nikachana ile karatasi ya kung'aa, nikaizungushia fyuzi na kuirudisha. Moshi ulitoka kwenye busta kabla sijaondoa mkono.

Ndipo nikaona betri. Nikaigeuza, nikaikwangua karatasi kwa ukucha, nikaweka fyuzi mpya ya akiba, ile ambayo Fundi mwenyewe alikuwa ameibandika pembeni kwa plasta ili nisikose. Nikateremka Karatu nikiwa na uongo mmoja tu mdomoni. Nilimwambia mwenye duka, "Imezima yenyewe, bosi. Sijagusa kitu."

Naomba nieleweke. Mke wangu alikuwa na siku tisa tangu ajifungue mtoto wetu wa kwanza, na kazi ya usukani wakati ule haikuokotwa njiani. Hiyo ndiyo sababu. Haikuwa haki hata kidogo, na nilijua hivyo siku ile ile.

Mwenye duka aliibeba busta mwenyewe hadi kibandani na kuiweka mezani mbele ya watu.

"Kazi hairudi, eh? Basi hii hapa imerudi."

Fundi alifungua busta, akainusa. Akatoka, akafunua boneti ya Landrova, akaitazama betri, akakitazama kishikio cha fyuzi, akapitisha kidole. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mkono umefunika pakiti ya sigara mfukoni. Akafunika boneti taratibu.

"Niachie," alimwambia mwenye duka. "Nitaitengeneza. Hii ni juu yangu."

Nikashusha pumzi. Ndiyo, nilifurahi. Siwezi kudanganya tena.

Transista zilizoungua ndani ya busta hazikupatikana Karatu, wala Arusha, wala kokote. Baada ya wiki tatu busta ilirudi ikiunguruma kama mwanzo, na punje za ngwara zilitembea. Nilipoingia kibandani kuichukua nikaona rafu ya juu iko tupu, na kile kitambaa cha mkewe kimekunjwa vizuri pembeni. Nikaibeba busta. Nje, kibao kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, maneno yote hayapo.

Tangu hapo Fundi hakugusa gari. Alitengeneza redio za nyumbani na tochi. Mwenye duka alimnunia na kuwasimulia wenzake, na madereva wa watalii wakaanza kupeleka magari Arusha. Nilipita mbele ya kile kibao cheupe kila siku ya kazi. Nilimpungia mkono, naye akanipungia. Nilimletea maziwa kutoka juu, asali kutoka Malambo, nikiviita zawadi. Alipokea, akashukuru, akaniuliza hali ya mtoto.

Miaka saba ilipita hivyo, na huenda ingepita mingine. Siku moja tumekaa kwenye banda la chai, madereva wanne, na mmoja alikuwa mgeni mjini. Akauliza nani anaweza kumfungia spika. Mtu akamwonyesha kibanda cha Fundi. Mwingine akadakia, "Usithubutu. Yule mzee alichoma busta ya bosi wa huyu hapa. Si kweli?" Wote wakanigeukia. Nilikuwa na chai mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa.

Kunyamaza nilikuwa nimekuzoea, lakini kuitikia kulikuwa kitu kingine. Niliacha kikombe, nikavuka barabara.

Nilimkuta amefungua redio ya mtu, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwambia yote, betri, kibano, ukungu, karatasi ya sigara, bila kumtazama. Nilipomaliza, akavuta droo, akatoa kibiriti kuukuu, akakifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha karatasi ya kung'aa, kidogo kuliko ukucha, kimeungua pembeni.

"Hiki kilibaki kwenye kishikio," akasema. "Na vibano ulivichana kwa bisibisi kama mtu anayefungua kopo. Nilijua kabla sijafunika boneti."

"Sasa Fundi, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungefukuzwa pale pale. Nilikuona ulivyosimama. Na mama mtoto ndiyo kwanza ametoka kujifungua."

"Lakini kibao chako…"

"Kibao kilisema kazi hairudi. Kazi ilirudi. Sikuwaza nani kairudisha, nilikifuta kwa sababu kilikuwa kinasema uongo." Akavua miwani. "Na kosa langu lilikuwepo. Nilifunga fyuzi mahali ambapo mkono wa dereva unafika."

Nililia, ndiyo, mtu mzima na ndevu zangu. Alinisubiri nimalize, akanisogezea kigoda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wale."

Mnada wa Karatu ulifuata siku chache baadaye. Nilipanga mablanketi, nikawasha busta, ile ile, nikapiga muziki hadi watu wakajaa. Mwenye duka alikaa kwenye kiti chake kando ya gari. Nikazima kaseti, nikashika maikrofoni.

"Jamani, nisikilizeni. Mimi ni dereva wa gari hili. Busta hii mnayoisikia iliungua miaka saba iliyopita. Fundi hakuiunguza. Niliiunguza mimi. Niligeuza betri, nikazungushia fyuzi karatasi ya sigara, kisha nikadanganya. Fundi aliitengeneza kwa kuua amplifaya yake mwenyewe. Hayo tu. Mablanketi bado yapo."

Kwa sauti ile, hata walionunua mbuzi upande wa pili wa uwanja walisikia. Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu wote. Mwenye duka hakucheka. Aliinuka polepole, nami nikaanza kuwaza nitakula nini na watoto watatu.

"Miaka saba," akasema. "Miaka saba nimemnunia mtu bure?"

"Ndiyo, bosi."

"Mtu ninayepishana naye kila siku?"

"Ndiyo, bosi."

Alichagua blanketi lililo zito kuliko yote, akalikunja kwapani, akaondoka kwa miguu kuelekea kibandani. Jioni aliniambia kwamba kuanzia mwezi ule na mingine mitatu nitaosha gari mwenyewe, na nikimkaribia na sigara atanivunja mkono. Kufukuza hakunifukuza.

Sikuthubutu kwenda kwa Fundi wiki nzima. Nilipokwenda nililikuta gari la watalii nje, boneti iko juu, na miguu yake miwili imechomoza chini ya fremu. Nilisimamisha Landrova mbali kidogo. Mkono mmoja ukatokea chini ya gari, kiganja juu.

"Nimeshazima, Fundi," nikasema.

Akatoka, akajipangusa. Akaniuliza nyumbani, mama watoto, watoto, mifugo, mvua za juu. Nikajibu kimoja kimoja. Kisha akaelekeza kidevu juu ya mlango. Kibao kilikuwa na rangi mpya, bado inanukia. Mstari wa kwanza ulikuwa ule ule wa zamani: NIKIFUNGA MIMI, KAZI HAIRUDI. Chini yake, kwa herufi ndogo na nadhifu, aliongeza mstari wa pili: AKIGUSA DEREVA, SHAURI YAKE.

"Unasemaje?" akaniuliza.

Nikamwambia sasa kinasema kweli.